Nani aliyemharibu Prince? Wazee wa PS2 Kigoma na Tabora njooni hapa

#1 MtuWaMwanga
Habari zenu wakuu. Tuliokulia kwenye vibanda vya gemu Kigoma enzi za PS2, naomba tukae hapa kidogo.

Mdogo wangu kaniwekea Prince of Persia: The Sands of Time kwenye kompyuta, nikaimaliza kwa raha zangu. Nikasema ngoja niunganishe na ya pili, Warrior Within. Aisee! Yule mwana wa mfalme mwenye maringo, anayejisimulia mwenyewe kisa chake, ukimuangusha shimoni anasema hapana, haikuwa hivyo, kapotea kabisa. Kaja jamaa mwingine, nywele ndefu, sura kaikunja toka mwanzo mpaka mwisho, kila akifungua mdomo ni shari. Ikulu ya Azad yenye mapazia na mwanga wa jioni imegeuka kisiwa cha mawe ya kijivu. Ala za Kiajemi zimekuwa magitaa ya kelele. Na damu kila kona.

2003 walitoa dhahabu, mwaka uliofuata wakatoa hiki. Kwa nini uharibu kitu ambacho watu wanakipenda? Karibuni, matusi hapana.

#2 NyukiWaSikonge
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo. Ngoja waje.

#3 DagaaMkavu
Mkuu mada nzuri, ila umeianza na hukumu mkononi. Mimi ni timu Warrior Within na sijifichi.

Tuambiane ukweli, mapigano ya Sands of Time yalikuwa yanachosha. Unaruka juu ya kichwa cha adui, unamkata mgongoni, unamchoma kisu anyonywe mchanga (ule wa uchawi, Mchanga wa Wakati), unahamia kwa mwingine. Usipomnyonya anaamka tena. Ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Ya pili wakakupa mikono miwili: upanga wako huku, silaha ya kuokota kule. Unamnyang'anya adui shoka lake, unamrushia mwenzake, unashika nguzo unazunguka nayo wanadondoka wote. Yale ndiyo mapigano. Wewe unalilia mapazia?

#4 BintiUjiji
Jibu ni pesa, tusizunguke mbuyu. Sands of Time ilisifiwa na wachambuzi na ikazoa tuzo, lakini mwanzoni haikukimbia sokoni kama Ubisoft, kampuni yenye gemu, walivyotarajia. Ukiangalia waliokuwa wananunua gemu Marekani kipindi kile, wengi ni vijana wa kiume wanaotaka damu. Ya kwanza ilipewa daraja la T, yaani miaka 13 na kuendelea. Ya pili ikapewa M, miaka 17. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, mtu alikaa mezani akaamua.

#5 FundiPedi
Salaam. Nilikuwa na kibanda karibu na soko la Mwanga, baadhi yenu humu nimewafukuza kwa kelele.

Nyote mnajadili gemu ambayo hamkuicheza. Nasema hivi kwa sababu memori kadi kwangu ilikuwa moja tu, ya MB 8, na imejaa msimu wa Winning Eleven, gemu ya mpira, wa wakubwa. Atakayeifuta tunaonana wabaya. Kwa hiyo kila mtoto aliyekuja na mia mbili yake kucheza "Prinsi" alianzia melini, mvua inanyesha, yule mwanamke Shahdee anamtwanga, muda umeisha, simama. Siku ya pili anaanza tena melini. Kuna watu Mwanga nzima wanaijua ile meli kuliko wanavyoijua Liemba, na kisiwani hawajafika.

Ndiyo maana mnasema gemu ni giza tupu. Mmeona mvua na meli tu!

#6 MtuWaMwanga
@FundiPedi umeniua mbavu. Ila mimi safari hii nimefika mpaka kwenye bustani na mnara wa mitambo. Giza liko pale pale mkuu.

#7 KasuluMoja
Mnapoteza muda. Aliyetengeneza ya kwanza, Patrice Désilets, walimfukuza, wakaleta watu wengine wasiojua kitu. Hata Monica Bellucci waliyemleta kuigiza sauti ya Farah, yule binti mfalme wa gemu ya kwanza, hakusaidia. Na muziki wakawapa Linkin Park. Ilitoka 2005 wakati kila kitu kilikuwa kibaya.

#8 BintiUjiji
@KasuluMoja kaka, komenti moja una makosa manne, hiyo ni rekodi.

Désilets hakufukuzwa wakati huo. Alihamishiwa kutengeneza Prince mpya kwa ajili ya mashine za kizazi kilichofuata, na ile kazi ndiyo ikaja kuwa Assassin's Creed ya 2007. Bellucci alikuwa sauti ya Kaileena, yule Malkia wa Wakati, Farah hayumo kabisa kwenye Warrior Within. Bendi ni Godsmack, na hata hivyo mtunzi wa muziki alikuwa yule yule Stuart Chatwood wa gemu zote tatu. Na ilitoka mwishoni mwa 2004. 2005 ni The Two Thrones, ile ya tatu.

#9 KasuluMoja
Sawa mwalimu. Lakini hoja yangu imesimama: kichwa hakikuwepo, mwili ukaenda unakojua.

#10 NyukiWaSikonge
Karanga zimeisha, nachangia.

Kwanza niweke sawa historia: CD zote hizo zilitoka Kariakoo na treni, na treni inapita Tabora kabla ya kufika kwenu mwisho wa reli. Kwa hiyo Warrior Within sisi tulishaicheza, tukachoka, ndipo ikaja Kigoma ikiwa na mikwaruzo. Mtuheshimu kidogo.

Pili, mbona mnaongea kama ni Prince peke yake? Jak and Daxter ya 2001 ilikuwa gemu ya kitoto, visiwa, mayai ya kung'aa, Jak haongei hata neno. 2003 ikaja Jak II: kafungwa gerezani, kateswa kwa dawa, katoka ana hasira na bunduki, na neno lake la kwanza maishani ni kwamba atamuua mtu. Mji mzima unaiba magari ya kuruka. Nani aliyewaambia wote waende giza wakati mmoja? GTA III ilitoka 2001, ikauza kama maji ya kisima cha kijiji kimoja. Baada ya hapo kila bosi wa gemu alitaka shujaa wake awe mhuni. Ni upepo wa wakati, @BintiUjiji, siyo mtu mmoja mezani.

#11 BintiUjiji
Upepo wa wakati na pesa vinatofauti gani mkuu? Umerudia nilichosema, umeongeza treni tu.

#12 DagaaMkavu
Hahaha, Tabora bwana.

Nirudi kwenye kisa, maana hapo ndipo mleta mada anaponishangaza. Huyu Prince mwishoni mwa gemu ya kwanza aliurudisha nyuma wakati. Mchanga uliokwisha kufunguliwa ukarudishwa kana kwamba haukufunguliwa. Kwa sheria za kile kisa alitakiwa afe. Sasa Dahaka, mlinzi wa majira, anamfukuza miaka saba. Miaka saba hulali, unasikia pumzi nyuma yako. Ulitaka aendelee kuwa mcheshi? Angekuwa anatabasamu ndiyo ningesema wameharibu.

Halafu ule mzunguko: anakwenda kisiwani kumzuia Malkia wa Wakati asiutengeneze mchanga. Anapigana naye, anamuua, na mwili wake ndio unakuwa mchanga wenyewe. Yaani aliyeleta balaa lote la gemu ya kwanza ni yeye. Nipe gemu nyingine ya mwaka ule yenye kisa cha namna hiyo.

#13 MtuWaMwanga
@DagaaMkavu kisa sikikatai, na hapo kwenye mzunguko nakupa heshima. Ninachokataa ni namna walivyokivaa. Mtu aliyekimbizwa miaka saba anachoka, anakuwa na woga, anaongea peke yake. Huyu wa kwao hana woga, ana matusi. Anakutana na Shahdee, cha kwanza ni kumtukana. Na hao wanawake wenyewe wamevaa vyuma viwili vitatu halafu wanakwenda vitani. Hayo ni majonzi ya mtu aliyelaaniwa au ni bango la kuuzia?

Hata sauti waliibadilisha. Ya kwanza ni Yuri Lowenthal, ya pili wakamuweka Robin Atkin Downes, ya tatu wakamrudisha Lowenthal. Kama hawakuona tatizo, kwa nini walimrudisha?

#14 MzeeWaKibirizi
Vijana, marahaba kwa mtakaonisalimia.

Mimi nilikuwa mitumbwi ya dagaa. Mnajua mbalamwezi ikiwaka hakuna kwenda ziwani, taa hazivuti kitu. Basi siku hizo vijana wote wa Kibirizi tunahamia kibandani, na sisi ndio wenye hela, kwa hiyo mpira ndio unachezwa. Lakini usiku ukienda sana mwenye kibanda anaweka hiyo Prinsi ili tutazame, yeye mwenyewe ndiye anashika pedi na anatusimulia kwa Kiswahili nini kinaendelea. Alituambia lile lidude jeusi lenye mikia ni baba yake Prinsi, aliuawa na mwanawe kwa sababu ya urithi, sasa mzimu wake unadai haki. Watu wazima tulikuwa tunasikitika kabisa. Kuna mwenzetu alisema huyu mtoto akafanyiwe tambiko.

Leo ndiyo nasikia hapa eti ni mlinzi wa wakati.

#15 FundiPedi
@MzeeWaKibirizi shikamoo mzee wangu. Msimuliaji ni mimi.

Sasa ningewaambia nini? Kiingereza changu ni cha "press start". Nyie mmekaa kwenye benchi mnataka kujua anakimbizwa kwa nini, nikinyamaza mnaondoka. Nikawapa kisa chenye kueleweka. Na mpaka leo naona changu kina mantiki kuliko cha Ubisoft. Baba anadai haki kwa mwanawe, hapo hakuna wa kuuliza swali.

#16 NyukiWaSikonge
Kwa hiyo Kigoma nzima imekua ikijua Dahaka ni marehemu baba Prinsi 😂 Huu uzi upewe ulinzi.

#17 MtuWaMwanga
Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Baba yake ni Sharaman, mzima kabisa kwenye ya kwanza (mpaka mchanga unafunguliwa) na yumo kwenye ya tatu. @FundiPedi ulimuua mfalme wa watu.

#18 MhandisiUjiji
Nimesoma wote. Tuongeze kidogo. Dahaka hawakumbuni hewani. Katika simulizi za kale za Waajemi kuna joka baya linaitwa Azhi Dahaka, baadaye akasimuliwa kama mfalme dhalimu aliyeota nyoka wawili mabegani. Kwa hiyo anayesema gemu ya pili iliacha Uajemi, hapo angalau waliuchimba.

La pili, kuhusu giza. Nyie mmeanzia hadithi 2003, sisi tuliicheza ile ya Jordan Mechner ya 1989, kwenye kompyuta ya ofisi ya mjomba, skrini nyeusi, saa moja tu umwokoe binti mfalme. Kijana amevaa nyeupe, anakimbia kama mtu kweli kwa sababu Mechner alimpiga picha mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora juu yake. Ukiteleza unachomwa na miiba ya chini, unabaki umening'inia pale. Meno ya chuma yanakukata vipande viwili. Kwenye ile gemu mnayoiita asili! Mimi naona Sands of Time ndiyo iliyokwenda pembeni kwa upole wake, Warrior Within ilirudi shimoni ilikotoka.

#19 BintiUjiji
@MhandisiUjiji hoja nzuri, ila huyo huyo Mechner uliyemtaja ndiye aliyeandika Sands of Time, na kwenye Warrior Within hakuhusika. Na 2005 alisema hadharani kwamba mwelekeo wake na ukatili wake haukumpendeza. Mwenye mtoto mwenyewe kamkataa, wewe unamtetea kwa kutumia jina la baba.

#20 MhandisiUjiji
Mwenye mtoto akishamwoza, mambo ya ndani ya nyumba siyo yake tena. 😀 Alivitoa vifaa vya 1989 mwenyewe, miiba ni yake.

#21 DogoWaKatubuka
Wakubwa shikamooni. Mimi naichezea kwenye simu kwa PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, ila yangu imeandikwa Prince of Persia Revelations. Ndiyo hiyo hiyo au mnaongelea nyingine? Naona meli, naona Shahdee, naona lile lidude.

Kwangu iko poa tu. Dahaka akija rangi zote zinakauka, gitaa linaanza, nakimbia ukutani huku jasho linatoka mpaka kidole kinateleza kwenye kioo. Sijaona tatizo lenu liko wapi.

#22 MtuWaMwanga
@DogoWaKatubuka ndiyo hiyo, toleo la PSP la 2005, wameongeza na sehemu ambazo PS2 hazikuwepo. Ukiona maji yanaanguka kama pazia pita katikati, Dahaka hagusi maji.

Na nikiri kitu kimoja wadau: zile mbio za Dahaka ni kali. Hapo hata mimi nanyamaza.

#23 DagaaMkavu
Eheee! Ameanza kulegea huyo. Mwacheni.

#24 KasuluMoja
Tuache mbio, tuongelee mwisho. Mtu anakimbia gemu nzima, anarudi nyuma kwa wakati, mwisho anamuua Kaileena tena, Dahaka anachukua mabaki na medali ya Prince anaondoka zake, jamaa anarudi Babeli peke yake anaukuta mji unawaka. Huo ni mwisho gani? Umepoteza wiki zako kwa moshi.

#25 FundiPedi
Uongo. Mara ya pili Kaileena hafi. Wanamuua Dahaka pamoja, wanapanda meli pamoja, na mambo mengine ya kikubwa yanafuata. Nimeimaliza kwa mkono wangu, usiku, kibanda kimefungwa.

#26 KasuluMoja
Hii chai ya nani? Au na hii uliwasimulia vijana wa mitumbwi?

#27 MhandisiUjiji
Wote mko sahihi, tulieni. Kuna miisho miwili. Kisiwani kuna sehemu tisa zilizofichwa zinazokuongezea uhai, kila moja ina mitego yake njiani. Ukizipata zote tisa unapewa Upanga wa Maji, na huo ndio unaomuumiza Dahaka, hivyo Kaileena anapona. Ukiruka hata moja unapata mwisho wa @KasuluMoja. The Two Thrones inaanza na Kaileena yuko hai melini, kwa hiyo watengenezaji wenyewe waliuhesabu ule wa @FundiPedi.

#28 BintiUjiji
Na hapo ndipo ninapowalaumu zaidi. Mwisho wa kweli wa kisa unauficha nyuma ya kutafuta vyumba vya siri! Wengi walioichukia waliuona ule mwisho mbovu. Giza lingekuwa na maana kama kila mtu angefika kwenye ule mlango wa kutokea. Sands of Time haikukuficha kitu, ule mwisho wake Farah hamkumbuki Prince, na Prince anamtamkia lile neno la siri ambalo Farah alifundishwa na mama yake... kila aliyecheza aliuona, na kila aliyeuona alinyamaza.

#29 NyukiWaSikonge
Mnajua kwenye hizo siri kuna na silaha za vichekesho? Kuna mdoli wa dubu, kuna flamingo wa pinki, kuna ngumi ya Rayman (shujaa wa gemu nyingine ya Ubisoft), kuna fimbo ya mpira wa magongo wa barafuni. Studio iko Montreal, Kanada, barafu ndiyo mpira wao. Kwa hiyo hawa watu hawakuwa na giza moyoni. Walikaa wakamtengenezea mtu mwenye huzuni ya miaka saba mdoli wa kupigia maadui. Mimi hiyo ndiyo inanifanya niamini waliambiwa tu: tengenezeni giza, muda ni mwaka mmoja.

#30 MtuWaMwanga
Mwaka mmoja ndiyo hoja ambayo hakuna aliyeigusa. Angalieni mnavyorudi rudi sehemu zile zile, mara zamani, mara sasa, chumba kile kile kikiwa kizima kisha kikiwa gofu. Wengine wanaita ubunifu. Mimi naona watu waliobanwa na muda wakatumia ukumbi mmoja mara mbili.

#31 DagaaMkavu
Hapana! Hapo nakukatalia kwa herufi kubwa. Kile chumba kikiwa kizima kamba ipo, kikiwa gofu kamba haipo na ukuta umeanguka ukawa njia. Fumbo zima limejengwa juu ya tofauti hiyo. Na ukivaa ile barakoa ukawa kivuli cha mchanga, unapita sehemu zile zile ulizopita mwanzo na unajiona mwenyewe kwa mbali. Ile tulidhani ni jini linatuwinda, kumbe ni sisi. Muda mfupi hauzai kitu kama hicho.

#32 FundiPedi
Kwenye stori yangu kile kivuli kilikuwa kaka yake mkubwa.

#33 MzeeWaKibirizi
Ndiyo! Na alikuwa upande wa marehemu baba. Nakumbuka vizuri.

#34 DogoWaKatubuka
Wakubwa samahani nawakatisha. Nimekwama kwenye mnara wa mitambo, kuna mtambo wa kuzunguka nimeusukuma mlango haujafunguka, na nikirudi nyuma daraja halipo. Nifanyeje?

#35 MtuWaMwanga
Ulinywa maji kwenye chemchemi, pale pa kuhifadhi gemu, baada ya kuusukuma mtambo au kabla?

#36 DogoWaKatubuka
Baada.

#37 FundiPedi
Pole dogo. Gemu hii ina hitilafu zake, kuna mahali ukihifadhi vibaya ndiyo basi. Tafuta sevu ya zamani. Huna?

#38 DogoWaKatubuka
Niliifuta nikaweka ya mpira.

#39 FundiPedi
Karibu melini.